Kijana Niliyemuua kwa Simu

Kuna kijana kwetu Boito ambaye niliwahi kumuua kwa simu. Yuko hai mpaka leo, ana mke sasa, na tukikutana pale kwa duka la dawa za mifugo ananisalimia vizuri tu. Lakini mwanzoni mwa 2024, akiwa Litein anangoja matatu, mama mmoja muuza ndizi alimkazia macho mpaka akasahau kumrudishia chenji. "Wewe si ulikufa Londiani?" akamuuliza.

Alinisimulia kisa hicho akicheka hadi machozi. Mimi nilicheka nusu nikanyamaza. Habari ya kifo chake niliiandika mimi, na yeye hakuwa anajua.

Ajali ya Londiani unaikumbuka. Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, jioni, trela lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo pale njia panda kwenye barabara kuu ya Nakuru na Kericho, likagonga magari, bodaboda, wapita njia na watu waliokuwa wamepanga bidhaa zao kando ya lami. Zaidi ya watu 50 walikufa. Kwa sisi wa majani chai hiyo si barabara ya mbali. Ukitoka Boito kwenda Nakuru, utapita Litein, utapita Kericho, kisha utapita Londiani. Kila nyumba ilikuwa na mtu ambaye angeweza kuwa pale.

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani mwaka mmoja na ushee. Chuo niliacha mwaka wa pili. Karo ilikuwa imenishinda, na bonasi ya baba ya mwaka ule ilikuwa imeisha kabla haijafika, kama kawaida ya bonasi. Nikapata kazi ya kuandikia ukurasa fulani wa habari za huku kwetu, Bomet na Kericho. Mwenye ukurasa sikuwahi kumwona ana kwa ana. Alikuwa sauti tu kwenye simu, na shilingi 300 kwa kila stori, 500 ikishewa sana. Majina yetu hayakuwekwa. Chini ya kila habari paliandikwa "Mwandishi Wetu", na tulikuwa Waandishi Wetu watatu, labda wanne.

Usiku ule simu yangu ilijaa picha. Sitazieleza. Nitasema tu kwamba nilikataa kuziposti, mwenye ukurasa akaniuliza kama nimekuwa pasta, na mimi nikajiona mtu wa maadili kweli kweli. Nilikumbuka jinsi Wakenya tulivyoliandama New York Times mwezi Januari 2019, baada ya shambulio la DusitD2, lilipochapisha picha ya watu waliouawa wakiwa bado mezani. Baraza la Vyombo vya Habari likalitaka liiondoe. Tuliuliza kwa hasira kama wangefanya hivyo kwa maiti za kwao. Swali zuri. Lakini usiku wa Londiani picha mbaya kuliko ile zilikuwa zinapita kwa grupu za WhatsApp za kanisa, na waliozituma walikuwa wajomba zetu.

Basi, picha nikakataa. Saa tatu kasorobo ikaja orodha ya majina.

Ilikuwa na majina 14, imechapwa kwa herufi kubwa, na juu yake ile alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Haikusema imetoka wapi. Hospitali? Polisi? Mtu tu? Jina la saba lilikuwa na neno "Konoin" kwenye mabano. Nililijua jina hilo. Nilijua kijana mwenye jina hilo, tanboi wa lori la viazi, anayepita njia ile karibu kila Ijumaa. Nilimpigia, simu ikawa imezimwa. Nikampigia tena, imezimwa. Hapo nikaona nimethibitisha.

Nikaandika stori. Na pale palipoandikwa "Konoin" mimi nikaongeza neno moja, ili msomaji aone tunaijua mitaa yetu: Boito.

Neno hilo halikutoka kwa mtu yeyote. Nililitoa kichwani mwangu nikaliweka mle.

Ambaye si wa huku huenda haelewi upumbavu wenyewe ulikuwa wa kiasi gani, kwa hiyo wacha nieleze. Majina yetu wengi yanatokana na wakati. Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi boma, Kipkoech kulipokuwa kunapambazuka, Kibet mchana. Ukisimama katikati ya senta ukaita Kipkoech, wanaume sita watageuka na wa saba atauliza unamtaka yupi. Kwa hiyo jina la Kikipsigis bila baba, bila kijiji, bila namba ya kitambulisho, linakuambia saa ya kuzaliwa kwa mtu zaidi ya linavyokuambia ni nani. Hili nililijua tangu nikiwa mtoto. Nina majina mawili ya aina hiyo mimi mwenyewe. Na bado simu iliyozimwa ilinitosha.

Simu ilikuwa imeisha chaji. Lori lao lilikuwa limekwama kwenye foleni iliyofungwa na ajali ileile, upande wa huko. Saa tisa usiku alipata simu ya dereva akapiga nyumbani. Kuanzia saa tatu mpaka saa tisa, mama yake alikuwa na mtoto aliyekufa.

Mimi nilikuwa nimeshafuta. Saa nne na nusu mtu aliandika kwenye maoni kwamba orodha ina makosa, mwingine akasema kaka yake aliyetajwa yuko hai na wamezungumza. Nikaogopa, nikafuta habari nzima, nikaandika nyingine isiyo na majina. Hakuna aliyeuliza chochote. Mwenye ukurasa alinilipa 500, maana ile ya kwanza ilikuwa imeshewa sana kabla sijaifuta. Nikanunua bando na unga.

Kwa miezi nane nilijiambia kwamba nilirekebisha. Ndilo jambo ninalotaka tuongee hapa, kwa sababu naona wengi wetu tunaoandika mtandaoni tunaamini hivyo hivyo: ukikosea, futa, maisha yaendelee.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 35, inasema kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. Kusahihisha *au* kufuta. Sheria haina kosa, inampa mwenye kuumizwa nafasi ya kuchagua. Lakini mimi niliyemuumiza nilijichagulia mwenyewe, nikachagua ile inayonifaa. Ukisahihisha unakiri. Unarudi kwa watu walewale uliowaambia uongo, unawaambia, jamani, nilisema hivi, si hivyo. Ukifuta unaondoka kimyakimya na ushahidi mkononi. Aliyesoma kabla hujafuta anabaki na alichosoma. Muuza ndizi wa Litein alisoma saa tatu na dakika kumi akalala. Kwake kijana yule aliendelea kuwa maiti hadi siku aliponunua ndizi.

Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilitaka kosa lisahihishwe haraka na kwa uzito unaostahili. Nilizisoma baadaye sana. Kabla ya hapo jibu langu lilikuwa lile ambalo pengine ni lako pia: mimi si mwanahabari. Sina kadi ya Baraza, sina mhariri, sina ofisi, sijawahi kukanyaga darasa la uandishi wa habari. Mimi ni msee tu mwenye simu.

Niligeuza hoja hiyo kila upande na nikaona haisimami. Daktari asiye na leseni akimdunga mtu sindano mbaya, hatusemi kwamba kwa kuwa si daktari basi hana makosa. Tunasema makosa yake ni mawili. Halafu mama yule hakuambiwa kifo cha mwanawe na mtu mwenye kadi au asiye na kadi. Aliambiwa na jirani aliyekuja mbio na simu mkononi, na kwenye simu kulikuwa na kichwa cha habari chenye herufi nyekundu, HABARI ZA HIVI PUNDE, sawasawa na vile runinga zinavyofanya. Tuliiga mavazi yao ili tuaminiwe kama wao. Ukishavaa joho la mtu huwezi kusema hulijui.

Chuoni, kabla sijaondoka, nilisoma somo moja tu la falsafa, na katika somo hilo kitu kimoja tu kiliniganda. Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alizunguka vijijini akiwahoji wazee wenye hekima, na mwaka 1990 kikatoka kitabu chake *Sage Philosophy*. Aliwagawa wazee hao. Kuna mzee anayejua yote ambayo jamii yake inasema na anayarudia vizuri. Na kuna mzee anayeyajua hayohayo lakini anayahoji, anayapima, anaweza hata kuyakataa. Wa kwanza anahifadhi, wa pili anafikiri. Nilipokuwa darasani niliona ni mgawanyo wa kitaaluma tu, kitu cha mtihani. Sasa naona Oruka alinieleza mimi na ile orodha. Kusambaza ulichoambiwa si kujua. Na mimi hata kurudia vizuri kulinishinda, niliongeza la kwangu.

Lakini kuna jambo jingine katika kazi ya Oruka. Alisisitiza kuwataja wazee wale kwa majina yao. Kulikuwa na watu walioandika kwamba Mwafrika hana mwanafalsafa, ana mawazo ya kabila zima tu, kana kwamba fikra ziliota kama magugu bila mtu aliyezifikiri. Oruka alisema hapana, huyu hapa, jina lake hili, alisema hivi, mbishieni. Fikra yenye mwenyewe inaweza kubishiwa. "Mwandishi Wetu" habishiki. Ukienda kumtafuta unakuta hakuna mtu.

Katika kokwet, kikao cha majirani chetu cha kale, mtu alisimama akasema mbele ya watu wanaomjua baba yake. Alipodanganya, alijulikana ni wa boma gani na kesho yake alipita njia ileile kupeleka ng'ombe mtoni. Siisifu sana kokwet. Nani alikuwa na nafasi ya kusimama pale? Si mama yangu. Si kijana asiye na mali. Simu imetupa mdomo sisi ambao tusingepewa nafasi hata ya kukohoa, na sitaki turudishwe nyuma. Lakini wakati simu inatupa mdomo, ilitunyang'anya ile njia ya kwenda mtoni. Nilimuua kijana wa watu na asubuhi nikapita mbele ya lango lao, na lango halikujua.

Kwa hiyo mwanzoni nilitaka kuandika hapa kwamba kila anayeposti habari aweke jina lake, basi, tumemaliza. Nikaandika hivyo kabisa. Halafu ikaja Juni 2025.

Albert Ojwang alikuwa mwalimu na mwanablogu, umri wa miaka 31. Tarehe 7 Juni polisi walimchukua nyumbani kwao Homa Bay, wakamsafirisha hadi Nairobi, kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Kesho yake alikuwa amekufa akiwa mikononi mwao, katika Kituo Kikuu cha Polisi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia kwa kujigonga. Baadaye baadhi ya maafisa walishtakiwa kwa mauaji. Maneno yenyewe yalikuwa kweli au uongo? Siku ile swali hilo halikuwa na maana tena.

Basi niambie sasa nimwambie kijana wa Kapset au Mogogosiek aweke jina lake. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 ilipitishwa ikiwa na adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa kuchapisha habari za uongo. Serikali ikisema "uwajibikaji" ina maana ya pingu. Imelitumia neno hilo mpaka sisi vijana tukilisikia tunatafuta mlango. Na hiyo ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu neno lenyewe ni zuri na tunalihitaji.

Nilikaa na jambo hili wiki nyingi na bado sina jibu lililonyooka. Nilipofika ni hapa: kuna mtu unayejificha asikuone kwa sababu ana bunduki, na kuna mtu unayejificha asikuone kwa sababu umemkosea. Usiwachanganye. Mimi nilijificha kwa mama mchuna majani nikitumia hoja ambayo ilifaa kutumiwa kwa Naibu Inspekta Jenerali. Ukiandika juu ya wenye nguvu na unaogopa, ficha jina, sitakulaumu, nitakushikia taa. Lakini hata hapo acha mlango mmoja wazi, namba, anwani, mtu anayejibu, ili yule asiye na nguvu uliyemgusa aweze kukufikia. Ukurasa wetu ulikuwa na namba ya simu. Ilikuwa ya matangazo ya biashara tu.

Kuna mfano wa karibu nao wa kazi iliyofanywa tofauti. Februari 2023, miezi minne kabla ya Londiani, BBC ilitoa uchunguzi wake kuhusu mashamba makubwa ya chai ya Kericho, ya James Finlay na yale yaliyokuwa ya Unilever. Zaidi ya wanawake 70 waliiambia BBC kwamba walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mwandishi mmoja alijifanya mtafuta kazi, akaenda na kamera iliyofichwa, akakutana na hayo hayo kwenye usaili. Hata yeye jina lake halisi halikutolewa. Wanawake walifichwa, wanaume waliotuhumiwa wakatajwa, na kampuni zikatakiwa kujibu.

Angalia uelekeo wa kificho. Kiliwekwa upande wa aliyeweza kuumia, na mwanga ukawekwa upande wa aliyekuwa na mamlaka ya kutoa kazi na kunyima kazi. Hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo, wao walilifanya kwa vitendo.

Sisi je? Kwa grupu nilizokuwemo, filamu haikuwa imemaliza siku mbili kabla watu hawajaanza mchezo wa kubahatisha. Huyu aliyefunikwa uso si yule wa kule? Sikiliza sauti. Angalia hiyo leso. Mwanamke aliyesubiri miaka kusema, akasema akiwa amefichwa, kijiji kikakaa chini kumfichua. Zile kanuni za 2013 zilikataza kumtambulisha aliyedhulumiwa kingono, na hata kutoa vidokezo vinavyoweza kumtambulisha. Mtu wa Nairobi akisikia sauti hiyo ni sauti tu. Mtu wa hapa akisikia anajua ni nani, anajua mume wake, anajua watoto wanasoma shule gani. Kwa hiyo tukisema tunaficha mtu, lazima tujiulize tunamficha nani asimwone. Msomaji wa mbali hana haja ya kufichwa. Jirani ndiye.

Mwenye ukurasa alinitumia ujumbe wakati huo: kuna mtu anasema anamjua mmoja wao, nimtafute. Sikumtafuta. Ningependa kusema ni kwa sababu ya maadili. Ukweli ni kwamba mvua ilikuwa inanyesha na shilingi 300 hazikutosha nauli ya kwenda na kurudi. Nadhani habari nyingi mbaya za huku kwetu huzuiwa na nauli.

Na hapo kwenye shilingi 300 pana jambo pia, hata kama wanaopenda kuzungumzia maadili hawalipendi. Kupiga simu tano kuthibitisha jina moja kunakula salio. Kwenda hospitali kuangalia orodha halisi ni nauli na siku nzima. Stori ya uongo na stori ya kweli zilinilipa sawa, na ya uongo ilikuwa rahisi kuitengeneza. Sisemi umaskini unanisafisha. Dereva wa matatu naye analipwa kwa haraka yake, na bado akiua mtu tunamkamata. Nasema tu kwamba mwenye ukurasa, aliyepanga bei hiyo, alishanunua kosa langu kabla sijalifanya, na yeye hakuna atakayemuuliza kwa nini.

Nilikwenda kwa mama yule mwezi Machi 2024, wiki moja baada ya kijana kunisimulia habari za muuza ndizi. Nilimkuta anatoa kwato za mbuzi matope. Nikamwambia chamgei, akaitika, akanikaribisha kiti, na kabla chai haijaja nikasema. Nilisema vibaya, nikianzia katikati. Ilibidi nirudie.

Hakulia wala hakunifukuza. Aliendelea na kwato. Kisha akauliza, "Walikulipa ngapi?"

"Mia tano, mama."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepewa bei ya majani ya mwezi huo, bei ambayo hakuitarajia kuwa kubwa zaidi.

"Na watu wangapi walisoma?"

Nikamwambia ilifikia watu zaidi ya 11,000. Ilibidi nimweleze maana ya kufikia. Akasema ni wengi kuliko wanaohudhuria mazishi yoyote aliyowahi kuona.

"Na wangapi walisoma kwamba hakufa?"

Nikanyamaza. Hakuna aliyesoma. Hakukuwa na kitu cha kusoma.

Alisimama, akaniambia, "Weri, kuja." Tukazunguka nyuma ya nyumba, chini ya parachichi, mahali ambapo miche ya chai inaishia. Pale palikuwa na kipande cha ardhi kisicholimwa, kama futi nane kwa nne hivi, nyasi zimeota. Usiku ule, majirani walipojaa na moto ukawashwa, shemeji yake na wazee wawili walikuja hapa na tochi wakapima kwa hatua, wakakubaliana, wakachomeka kijiti. Ulikuwa usiku wa watu kufanya mambo kwa haraka ili mama asibaki peke yake na mawazo. Kijiti alikiondoa asubuhi. Lakini kupalima pale ameshindwa. Misimu miwili ya mahindi imepita na jembe linafika likizunguka. Kijana mwenyewe anajua ni wapi. Akipita kwenda chooni anapita mbali.

Nikauliza nifanye nini. Nilikuwa nimejiandaa kusema nitaandika, kwa jina langu, kwenye ukurasa wangu mwenyewe, kwa kuwa yule mwenye ukurasa alikuwa amekataa. Alisema habari ya mwaka jana haina soko. Mama akasema niandike nikitaka, yeye hana Facebook. Aliyemletea habari ile alikuja kwa miguu. Basi na mimi niende kwa miguu. Niende kituo cha majani, Jumatano, watu wote wakiwa wamekuja kupimisha.

Niliandika pia. Ilipata laiki 31, na mtu mmoja akauliza huyu aliyekufa ni nani.

Jumatano nilifika kituoni kama saa tisa. Lori la kiwanda lilikuwa bado, watu wamepanga magunia yao na wengine wamekalia vikapu. Mama alikuwepo, mwisho wa mstari, hakuniangalia. Nilisema chamgei kwa sauti kubwa mno, watu wakageuka. Nikasema jina langu, jina la baba yangu, na kwamba mwaka jana mwezi wa sita niliandika kwa simu kwamba mtoto wa mama yule amekufa Londiani, na sikuwa nimeuliza mtu. Wengine walikuwa hawakumbuki. Mzee mmoja akasema, kwani ni wewe. Msichana mmoja akatoa simu kunirekodi, na sikuwa na la kumwambia.

Nikabaki nimesimama, sijui kama nimemaliza. Karani akaniambia nisogee kidogo, nimezuia mizani.